Siku elfu moja za mwanzo: namna ya kujitunza katika ujauzito na kumlea mtoto hadi atimize miaka miwili

Kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka 2 ni takriban siku 1,000: 270 hivi za tumboni na 730 za mikononi mwa walezi. Katika siku hizo ubongo hukua kwa kasi ambayo hautaifikia tena maishani, na utapiamlo unaompata mtoto wakati huo huacha udumavu ambao ni vigumu kuuondoa baadaye. Mwongozo huu unazifuata siku hizo kwa mpangilio wake, ukikaa zaidi pale ambapo akina mama hukwama na kupita haraka pale ambapo mambo huenda yenyewe.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi wao kuhusu vifo vya uzazi, wakaonyesha kwamba maisha ya mama hupotea kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza hutokea nyumbani, na ndio ambao wewe na wenzako wa nyumbani mnaweza kuuondoa. Kwa hiyo, katika kila hatua, jifunze mambo mawili kwa pamoja: hali ya kawaida ikoje, na ni dalili ipi ambayo haitakiwi kungoja kupambazuke.

Kabla tumbo halijaonekana

Mfereji wa neva, ambao ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, yaani wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kuwa wana mimba. Usipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo sababu asidi ya foliki, maikrogramu 400 kila siku, inafaa ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Mwanamke mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi atakachoandikiwa na daktari. Kama tayari u mjamzito na hukuwahi kuianza asidi ya foliki, ianze leo.

Andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho mahali ambapo haitapotea. Ukiongeza siku 280, yaani wiki 40, utapata tarehe ya makisio ya kujifungua, ingawa mtoto anayezaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42 amekuja kwa wakati wake. Kipimo cha picha ya tumbo kikifanywa kabla ya wiki ya 24 husahihisha makisio hayo. Tarehe hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ndiyo inayomwambia mkunga kama uchungu umeanza mapema mno au kama mtoto anakua polepole kuliko inavyotarajiwa.

Hudhurio la kwanza kliniki liwe kabla ya wiki ya 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8 katika ujauzito mmoja, na mengi kati yake huangukia miezi ya mwisho, ambako hatari huongezeka. Usiridhike na kupimwa tu. Uliza kila kipimo kimesema nini. Shinikizo la damu hupimwa kila mara. Mkojo huangaliwa kama una protini, sukari au maambukizi. Damu hupimwa kundi lake na wingi wake, na mjamzito ambaye himoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu unaohitaji kutibiwa. Hupimwa pia VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B, na hapa ningependa kila mama ajue kwamba kupima ni faida tupu: bila matibabu, VVU humfikia mtoto katika mimba 15 hadi 45 kati ya kila 100, lakini mama akitumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo, hatari hiyo hushuka chini ya 5. Kaswende, ambayo inaweza kumuua mtoto tumboni, hutibika kwa sindano ya penisilini. Baba naye apimwe, kwa sababu matibabu ya mmoja bila mwenzake hayakamiliki.

Kuhusu chakula, usemi kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya watu wawili umewapotosha wengi. Katika miezi mitatu ya kwanza huhitaji kuongeza kiasi cha chakula. Baadaye nyongeza inayotakiwa ni ndogo, inayolingana na mlo mmoja mwepesi kwa siku. Kinachotakiwa kuongezeka ni ubora: mboga za majani, jamii ya kunde, matunda, na kila inapowezekana nyama, samaki au mayai yaliyoiva barabara, pamoja na chumvi yenye madini joto. Vidonge vya madini ya chuma, kati ya miligramu 30 na 60 kwa siku, humezwa vizuri zaidi pamoja na tunda lenye uchachu, na visimezwe na chai wala kahawa kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia chuma kufyonzwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Ni rangi ya dawa. Maziwa yasiyochemshwa, nyama mbichi na mayai mabichi viepukwe, na maini yaliwe kwa nadra kwa sababu vitamini A ikizidi humdhuru mtoto anayeumbwa. Kichefuchefu cha asubuhi hutulizwa kwa kula kidogo kidogo mara nyingi, lakini mama anayetapika hata maji kwa siku nzima na kukojoa mkojo mchache wenye rangi iliyokolea anahitaji kuongezewa maji hospitalini.

Pombe haina kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, na tumbaku humpunguzia uzito na kuongeza hatari ya kuzaliwa njiti. Kwa dawa, kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kumeza dawa yoyote ya maumivu iliyo karibu: ibuprofeni na diklofenaki, hasa kuanzia wiki ya 20, zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, kwa hiyo homa au maumivu hutulizwa kwa parasetamo kwa kipimo kilichoelekezwa. Kosa la pili ni kuacha ghafla dawa za kifafa, shinikizo la damu, kisukari, pumu au VVU kwa kumwonea mtoto huruma. Degedege au sukari isiyodhibitiwa humdhuru mtoto kuliko dawa nyingi. Mwone daktari akubadilishie zile zisizofaa, na hadi utakapomwona, usiache.

Dalili zisizongoja asubuhi

Kutoka damu ukeni wakati wowote wa ujauzito, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, homa, kupumua kwa shida, degedege, na maji kupasuka kabla ya wiki ya 37 ni sababu za kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Hali kadhalika maji yaliyopasuka yakiwa ya kijani au yenye harufu mbaya, hata kama wiki zimetimia. Katika maeneo yenye malaria homa isipuuzwe hata mara moja. Mjamzito alale ndani ya chandarua chenye dawa na ameze dozi za kinga kliniki kuanzia wiki ya 13.

Shinikizo la damu linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hunyemelea. Baada ya wiki ya 20, kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kikiandamana na protini kwenye mkojo au dalili za viungo kuathirika, huashiria hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Dalili zake ni kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na uso au mikono kuvimba ghafla. Miguu kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida. Uso kuvimba asubuhi si kawaida. Lakini wapo ambao hawasikii lolote hadi hali inapokuwa mbaya, na ndiyo sababu hudhurio lisiachwe kwa kuwa mama anajisikia mzima. Tena hatari haiishi siku ya kujifungua. Kifafa hiki kinaweza kutokea hata siku kadhaa baadaye, hivyo kichwa kinachomuuma sana mama aliyejifungua wiki iliyopita kisichukuliwe kuwa ni uchovu tu.

Jambo la pili linalostahili umakini ni kucheza kwa mtoto. Mama huanza kumsikia kati ya wiki ya 16 na ya 24, na kufikia wiki ya 28 huwa amemzoea: saa anazochangamka na saa anazotulia. Hakuna idadi moja ya mateke inayowafaa watoto wote. Kipimo ni mazoea ya mtoto wako mwenyewe. Akipungua au akibadilika, nenda ukasikilizwe mapigo ya moyo wake siku hiyo hiyo. Si kweli kwamba mtoto huacha kucheza kwa sababu siku za kuzaliwa zimekaribia, na nimewaona akina mama waliolala na wasiwasi usiku kucha kwa kuambiwa wanywe maji baridi wangoje. Afadhali uende mara kumi na kuambiwa yu mzima. Kuanzia wiki hiyo ya 28, anza usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Ukizinduka u chali, geuka tu na uendelee kulala.

Kabla ya wiki ya 36, iamuliwe nyumbani ni kituo gani utajifungulia, nani atakusindikiza, chombo gani cha usafiri kitapatikana usiku wa manane, fedha zipo wapi, na nani yuko tayari kuchangia damu. Uamuzi wa namna hii ukifanywa mchana kwa utulivu hufuta saa nyingi za mabishano wakati wa dharura. Dawa zisizo za hospitali za kuongeza uchungu zisitumike hata kidogo, kwa sababu zinaweza kupasua mji wa mimba.

Saa ya kwanza na juma la kwanza

Mtoto akilia na kupumua vizuri, kitovu kisiharakishwe kubanwa. Dakika 1 hadi 3 za kungoja humpatia damu na akiba ya madini ya chuma itakayomfaa kwa miezi kadhaa. Akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yaani maziwa yale mazito ya manjano ya mwanzo, ni machache kwa makusudi, kwani tumbo lake nalo ni dogo, na yamejaa kinga. Yasikamuliwe na kumwagwa. Kuoga kungoje saa 24. Sindano ya vitamini K anayopewa humkinga na kuvuja damu kusikotarajiwa.

Kitovu kiachwe kikiwa kisafi na kikavu, nepi ikunjwe chini yake, na kisipakwe kitu chochote ambacho mhudumu wa afya hakukiagiza. Kwa kawaida hukatika ndani ya wiki mbili. Wekundu unaosambaa tumboni, usaha au harufu mbaya humaanisha maambukizi, na maambukizi ya kitovu huingia kwenye damu upesi.

Mtoto njiti au mwenye uzito mdogo hufaidika sana na huduma ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria kwa kuwa vyombo vya kuwatunzia watoto njiti havikutosha. Mtoto, akiwa na nepi na kofia tu, hufungwa wima kifuani pa mama kati ya matiti kwa saa nyingi kadiri iwezekanavyo, mchana na usiku, na baba au ndugu anaweza kupokea zamu. Joto la mwili wa mama humtosha, upumuaji wake hutulia, na ziwa huwa karibu. Mama asiione kuwa huduma ya wasio na njia nyingine. Hata penye vifaa vyote hutumika, kwa kuwa inaokoa maisha.

Umanjano hutokea kwa watoto wengi kati ya siku ya pili na wiki ya pili, na mara nyingi huisha wenyewe mtoto akinyonya vizuri. Mtazame mchana penye mwanga: bonyeza polepole ncha ya pua kwa kidole, achia, uone rangi inayobaki, kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi angalia weupe wa macho, fizi na viganja. Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, unaofika kwenye viganja na nyayo, au unaomfanya mtoto alale mno na kukataa ziwa ni wa hatari, kwa maana ukizidi huharibu ubongo. Hutibiwa kwa mwanga maalumu hospitalini. Kumwanika juani hakutoshi. Ukidumu zaidi ya wiki mbili, au choo kikiwa cheupe, apelekwe akachunguzwe ini.

Dalili nyingine za hatari kwa mtoto mchanga ni chache na ni vyema zikaririwe na kila anayekaa naye: kuacha kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani kwa nguvu anapovuta pumzi, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, joto la chini ya nyuzi 35.5, na kulegea bila kujitikisa. Moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka.

Kunyonyesha

Hakuna jambo linalowatia akina mama hofu kama maneno "maziwa hayatoshi", na mara nyingi yanapotamkwa, maziwa yanatosha. Matiti hutengeneza kwa kadiri yanavyoondolewa maziwa. Kila unapompa mtoto chupa kwa kudhani hajashiba, mwili hupokea taarifa kwamba maziwa hayahitajiki, na siku ya pili hutengeneza machache zaidi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, usiku ukiwemo, na jioni nyingine hudai ziwa mfululizo. Hiyo ndiyo njia yake ya kuagiza maziwa ya kesho.

Usipime kwa kilio wala kwa ulaini wa matiti. Pima kwa nepi na mizani. Kuanzia siku ya tano au ya sita, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku, zenye mkojo usio na rangi kali, ni ushahidi kuwa anapata. Katika siku za mwanzo hupungua uzito, na upungufu usiozidi asilimia 10 hurudi kufikia wiki mbili. Akipungua zaidi ya hapo, au nepi zikiwa kavu, ndipo msaada utafutwe bila kukawia.

Chuchu kuchubuka kwa kawaida husababishwa na mtoto kushika vibaya. Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwake. Tumbo lake liguse lako, kichwa na mwili viwe katika mstari mmoja, pua ielekee chuchu. Ngoja apanue kinywa kama anayepiga miayo, kisha msogeze upesi ili ashike sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, hasa upande wa chini, kidevu kikigusa titi na mdomo wa chini ukiwa umepinduka nje. Ukisikia maumivu yanayoendelea, ingiza kidole safi pembeni mwa kinywa chake, mwachishe, uanze upya. Hata mara tano. Titi likiwa na sehemu ngumu, nyekundu na yenye joto, endelea kunyonyesha, tuliza kwa kitambaa baridi, na usilikande kwa nguvu. Homa isipoisha ndani ya siku moja, utahitaji dawa.

Hadi miezi 6 kamili mtoto hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji wakati wa joto, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji. Yakikamuliwa kwa mikono safi hukaa saa 4 mahali pasipo joto kali, au siku 4 ndani ya jokofu. Na mama ambaye, kwa sababu za kiafya au nyinginezo, anatumia maziwa ya kopo, asifanywe ajihisi amemkosea mwanawe. Afundishwe kuyaandaa kwa usalama. Maji yachemshwe na yatumike yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, vijiko vihesabiwe kama kopo linavyoelekeza, maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto, na yanayobaki baada ya kulishwa yamwagwe. Kuyazimua ili kopo lidumu ni kumnyima mtoto chakula huku tumbo likiwa limejaa.

Mama mwenyewe

Wageni wote humtazama mtoto, na mama husahauliwa. Damu inayotoka baada ya kujifungua hupungua siku hadi siku na inaweza kuendelea hadi wiki 6. Inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja ni dharura. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi navyo havingojewi. Ahudhurie uchunguzi ndani ya saa 24, siku ya 2 au ya 3, wiki ya 2 na wiki ya 6.

Machozi na hisia za kuyumba katika siku za kwanza huwapata akina mama wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Zikipita wiki mbili, au mama akikosa usingizi hata mtoto anapolala, akijiona hafai, au akikosa hisia zozote kwa mwanawe, hiyo ni sonona baada ya kujifungua, ambayo ni ugonjwa unaotibika. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitali. Mume na ndugu wasimwambie ajikaze.

Mimba inayofuata ni salama zaidi ikiwa imepita angalau miezi 24 tangu kujifungua. Kunyonyesha hukinga mimba kwa uhakika pale tu ambapo masharti matatu yametimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya bila kupewa kingine usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, zungumza na mhudumu kuhusu njia nyingine.

Usingizi, kilio na chanjo

Kwa miaka mingi wazazi katika nchi kadhaa walishauriwa kuwalaza watoto kifudifudi. Ushauri huo ulipobadilishwa, kama ilivyofanyika katika kampeni ya Uingereza ya mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Mlaze mtoto chali kila usingizi, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila vitu laini karibu na uso, kichwa kikiwa wazi. Alale chumbani mwako, na ni salama zaidi akiwa kwenye kitanda chake. Usilale naye kwenye kochi kwa hali yoyote, wala kitanda kimoja na mtu anayevuta sigara au aliyekunywa pombe.

Kilio huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Ukihakikisha ameshiba, ni mkavu, hana homa, na bado analia hadi uvumilivu wako unafikia ukingoni, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba kwa dakika chache, kisha urudi. Usimtikise kamwe, kwa sababu shingo yake haiwezi kuzuia kichwa na ubongo huvuja damu.

Chanjo zifuatwe kama ratiba ya nchi yako inavyoelekeza. Mafua madogo si sababu ya kuahirisha. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto aliye chini ya miezi 3 haitibiwi nyumbani.

Kuanzia miezi 6

Sasa maziwa peke yake hayatoshi, hasa kwa madini ya chuma, ingawa kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi. Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula kilichopondwa, mara 2 au 3 kwa siku, ukiongeza taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 iwe milo 3 au 4. Chakula kiwe kizito cha kutosha kutulia kwenye kijiko, kwani uji mwepesi hujaza tumbo bila kushibisha mwili. Kila siku kiwemo kitu chenye chuma: nyama iliyosagwa, yai, samaki au jamii ya kunde. Asali asipewe kabla ya miezi 12, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya umri huo. Akikataa chakula, kiondoe bila ugomvi na ukirudishe siku nyingine. Watoto wengi hukubali ladha mpya baada ya kuionja mara nyingi.

Akiharisha, kinachoua ni kupotea kwa maji. Mpe maji ya dawa ya pakiti kidogo kidogo kila baada ya choo, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na mpe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6. Pakiti ikikosekana, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya bapa, katika lita 1 ya maji safi. Macho yaliyobonyea, ngozi ya tumbo inayokawia kurudi ukiifinya, damu kwenye choo, au mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa, ni vya hospitali.

Anapoanza kutambaa na kutembea, nyumba nzima itazamwe upya kutoka kimo chake: ndoo yenye maji, kwani mtoto huweza kuzama katika maji ya sentimita chache, vyungu vya moto, dawa, betri ndogo za mviringo, na karanga au vipande vigumu vinavyoweza kumpalia. Mtoto wa chini ya mwaka 1 aliyepaliwa asiyeweza kulia wala kukohoa hulazwa kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, ukampiga mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kisha ukamgeuza na kumbonyeza mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili, ukirudia hivyo hadi kitu kitoke huku mwenzako akiita msaada. Usiingize kidole kinywani kutafuta usichokiona.

Zungumza naye kuanzia siku ya kwanza, mtajie vitu, ngoja ajibu kwa sauti yake, umjibu tena. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2019, halishauri mtoto wa chini ya mwaka 1 kukaa mbele ya skrini kabisa. Watoto hutofautiana kwa mwendo, na anayetembea miezi 10 hamzidi akili anayetembea miezi 15. Ipo mipaka lakini: asiyetabasamu kufikia miezi 3, asiyeketi mwenyewe kufikia miezi 9, asiyetembea kufikia miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili kufikia miaka 2, au anayepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe akachunguzwe, akianza na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mtulivu, husifiwa kwa utulivu wake, na mwaka mzima wa kujifunza lugha hupita kabla mtu hajapiga makofi nyuma yake kuona kama atageuka.